Nisiukute Humo

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza ya likizo ya wiki tatu. Nilipanga kulala hadi saa nne. Saa mbili kamili mke wangu kanivuta shuka. Mkaguzi yuko mlangoni.

Mkaguzi wa usalama wa majengo. Mwanamke mwembamba, viatu bapa, tochi ndefu kuliko mkono wake. Nimempa jina la Bibi Tochi. Amekuja kwa sababu mke wangu anataka kufungua kituo cha kulelea watoto hapa nyumbani, sebuleni kwetu. Watoto kumi na mmoja wameshaandikishwa. Magodoro yao madogo yameshapangwa kando ya ukuta, kila moja na rangi yake. Bila cheti cha Bibi Tochi hakuna kituo. Na mke wangu aliacha kazi mwezi uliopita kwa ajili ya kituo hiki, ambacho amekuwa akikizungumzia tangu pacha wetu wakiwa wanatambaa. Sasa pacha wako shule ya bweni.

Bibi Tochi alikagua jiko: sawa. Ndoo ya mchanga ya kuzimia moto: ipo. Choo: sawa. Mke wangu akaanza kutabasamu. Kisha Bibi Tochi akasimama koridoni mbele ya ule wavu mkubwa wa hewa. Akachuchumaa, akafungua skrubu mbili, akamulika ndani. Mimi nilijua anaangalia nini.

Nieleze kwa utaratibu, maana mimi ni karani wa masjala na siwezi kuacha jalada bila maelezo. Nyumba yetu ilijengwa na mtu aliyekuwa akiuza viyoyozi. Akajiwekea kimoja kikubwa darini. Kinapuliza hewa baridi kila chumba kupitia matundu ya juu. Hewa ikishachoka inarudi kupitia wavu wa koridoni, inapita kwenye uwazi ulio ndani ya ukuta, inapanda tena kwenye mashine. Uwazi huo unatosha kuingiza mkono hadi bega. Ulikuwa unakaa bure kabisa. Miaka miwili iliyopita nikapitisha humo waya wa ekstensheni, kutoka soketi ya koridoni hadi ofisini kwangu.

Ofisini ni stoo. Lakini ina kiti, televisheni, feni, friji ndogo, birika la umeme na mlango unaofungwa kwa ndani. Haikuwa na soketi hata moja. Shemeji, mdogo wake mke wangu, ni fundi umeme mwenye leseni na haachi kuitaja. Alisema kazi ile inataka siku nzima. Mimi niliimaliza kwa dakika ishirini, na sijamwacha asahau.

Bibi Tochi alisema ekstensheni haipiti kwenye njia ya hewa. Waya wa plastiki ukiungua humo, mashine haijui kama ule ni moshi. Itauvuta na kuugawa kila chumba kwa usawa, hadi kwa mtoto wa mwisho. Akaandika kwenye fomu. Akasema atarudi Jumatatu ijayo, na maneno yake ya mwisho nayanukuu kama yalivyo: nisiukute humo.

Mke wangu akasema nimpigie shemeji leo leo. Nikamwambia hilo ni langu, aniachie. Alikuwa anayatazama magodoro.

Nimesoma barua za wakubwa kwa miaka kumi na tisa. Najua neno ni nini. Bibi Tochi hakusema uondolewe. Alisema nisiukute. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na wazo. Bibi Tochi alisema pia kwamba humo kunaweza kupita bomba la chuma lenye waya wake maalumu. Anataka chuma? Atakiona. Jikoni kuna ile karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula. Nikachukua roli zima mke wangu alipokwenda sokoni.

Nilitoa wavu, nikalala kifudifudi koridoni, nikaanza kuuvisha waya. Shingo iliniuma vibaya. Lakini ulipomulikwa uling'aa kwelikweli. Ukisimama mbali na ukiwa na haraka, ni bomba la chuma. Ukisogea karibu, ni samaki wa kuoka. Nikaamua kwamba Bibi Tochi atakuwa na haraka.

Karibu na mwisho nikakuta mahali ambapo panya wameutafuna waya. Si sana. Shaba ilikuwa inachungulia tu. Nikazungusha karatasi mara tatu.

Paa! Cheche ya buluu, harufu ya kiberiti, nyumba nzima kimya. Kiyoyozi kimya. Redio ya mama mkwe kimya. Mimi mzima, ila vinyweleo vya mkono wa kulia sivioni.

Mama mkwe anaishi nasi tangu mwaka juzi. Chumba chake kinapakana na ofisi yangu, na katikati yetu ni ule uwazi tu. Alitoka, akauliza umeme umekwenda wapi. Nikamwambia kampuni wamekata. Akasogea dirishani, akatazama kwa jirani, ambako feni ilikuwa inazunguka barazani bila wasiwasi. Akanitazama mimi nilivyolala sakafuni na karatasi ya samaki mkononi. Akasema, "Sawa, baba." Ninaifahamu hiyo sawa yake, na haijawahi kuwa sawa hata siku moja.

Nilivua karatasi yote. Pale palipotafunwa nikapafunga kwa plasta ya vidonda, kutoka kwenye sanduku la huduma ya kwanza la kituo. Nikawasha swichi kuu, kila kitu kikaamka. Mke wangu aliporudi aliuliza karatasi ya jikoni iko wapi. Nikasema sijui. Akauliza mbona plasta zimepungua, nani kaumia. Nikasema mimi, kidogo. Akataka kuona kidonda. Ilibidi nitafute cha kumwonyesha.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimeisoma upya fomu ya Bibi Tochi, neno kwa neno, kama ninavyosoma kazini. Imeandikwa: waya katika njia ya hewa. Basi kosa lina pande mbili. Kuna waya, na kuna njia ya hewa. Wote wanaukimbilia waya. Hakuna aliyewaza kwamba hewa nayo inaweza kuhama. Isipopita hewa, ile si njia ya hewa tena. Ni tundu lenye waya, na fomu haikatazi matundu.

Nilipofika hapo ilibidi nikae chini kidogo kwa furaha.

Nikakata boksi la friji yangu, nikaziba wavu wote kwa nyuma, nikabandika tepu pembeni. Kwa nje huoni kitu. Ilikuwa saa tatu na nusu. Saa nne kiyoyozi kikaanza kunguruma. Saa tano kikaanza kupiga mluzi. Mke wangu akasema mbona joto. Nikamwambia ni jua. Saa sita alikuwa anajipepea kwa mfuniko wa sufuria. Saa saba mluzi ukakoma, nikaamini mashine imezoea.

Haikuzoea. Iliganda. Kumbe kiyoyozi kikinyimwa hewa ya kurudi hujijengea barafu, na barafu ikiyeyuka lazima iende mahali. Ilikwenda kwenye dari ya chumba cha mama mkwe, juu ya mto wake. Alikuwa amejinyoosha kidogo baada ya chakula.

Niling'oa boksi kabla mke wangu hajafika na beseni. Nikamwambia kiyoyozi kimezeeka. Akasema nimpigie shemeji aje akitazame. Kila kitu katika nyumba hii kinaishia kwa shemeji. Bomba likivuja, shemeji. Mlango ukilia, shemeji. Nikasema kitapona chenyewe, na kufikia saa kumi na moja kikapona. Hakuna aliyenipongeza.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa tupu.

Chai ya asubuhi. Mama mkwe akauliza, kwa upole kabisa, kwa nini maji yammwagikie yeye na si mtu mwingine. Nikaona nimweleze kitaalamu. Nikasema, mama, mashine inaleta hewa safi huku sebuleni, lakini hewa chafu yote ya nyumba hii inatokea upande wako.

Nilimaanisha wavu! Wavu uko jirani na mlango wake. Hewa iliyokwisha kutumika hupita pale. Hata Bibi Tochi angesema hivyo hivyo. Lakini ukitaja hewa chafu mezani, mbele ya mama wa mke wako, watu wanaelewa kitu kimoja tu, na hakina uhusiano na kiyoyozi.

Mke wangu aliweka kikombe chini. Mama mkwe hakukiweka chake, kilibaki njiani kuelekea mdomoni. Nikajaribu kurekebisha. Nikasema si yeye peke yake, sote tunachangia, ila kwake ndiko inakojikusanya. Nikaona bado. Nikaongeza kwamba mashine imewekwa pale makusudi ili kuivuta. Mke wangu akaniomba ninyamaze. Mama mkwe akamtazama bintiye, si mimi, akasema ana miaka sitini na minane, ameishi na watu wa kila namna, na hajawahi kutamkiwa neno hilo na mkwe. Akaenda kufunga begi.

Saa kumi shemeji akaja kumchukua. Alikuwa ameshasimuliwa kwenye simu. Aliingia akifuta macho kwa leso, na haikuwa huzuni. Nikaomba radhi mbele ya wote. Niliinamisha kichwa. Nililitaja neno wavu mara sita. Mwishowe mama mkwe akakubali kubaki, kwa ajili ya bintiye na wale watoto, akafafanua kwamba si kwa ajili yangu. Hatazungumza nami. Nikiwa na shida nimtume bintiye.

Kabla ya kuondoka shemeji alichuchumaa mbele ya wavu. Akasema amesikia habari za waya. Kesho ana nafasi, atautoa, ataniwekea soketi ya kweli, na hataki hata asante. Nikamwambia kazi imeshafanyika. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Najua. Ni kwa sababu alikuwa bado anacheka.

Mke wangu akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akanishika mkono. Alikuwa hajanishika mkono tangu Bibi Tochi aje, na sikuweza kabisa kuutoa ule mkono ili nianze kukiri.

Ijumaa, 7 Machi

Sasa lazima kazi iwe imefanyika. Nikalirudia neno la Bibi Tochi, na nikashangaa jinsi nilivyokuwa nikijisumbua bure. Nisiukute humo. Kukuta ni jambo la wakati. Yeye atakuwa hapa Jumatatu asubuhi, labda nusu saa. Waya usiwe humo nusu saa hiyo. Ikishapita, nyumba ni yangu.

Mpango ni kamba. Nimefunga kamba ya kuanikia nguo kwenye ncha ya waya upande wa ofisini. Jumatatu nauvuta waya wote utokee koridoni, kamba inabaki humo ikinisubiri. Bibi Tochi hauoni waya. Kamba si waya. Akiondoka, naingia ofisini, navuta kamba, waya unarudi mahali pake.

Nikampigia simu mwenzangu wa masjala. Nilimweleza hatua kwa hatua, na kwa kuwa nilikuwa na furaha nilipandisha sauti. Akasema ninahitaji likizo. Nikamwambia niko likizo.

Nimefanya mazoezi mara nane. Vuta, rudisha. Mara ya kwanza dakika sita. Mara ya nane dakika moja na nusu. Pale penye plasta hukwama kwenye ukingo wa tofali, lakini ukivuta kwa nguvu hupita. Mke wangu hakuwepo. Alikwenda kuchukua vikombe vya watoto, kumi na moja, kila kimoja na picha ya mnyama wake. Aliporudi alivipanga rafuni, akavipangua, akavipanga tena.

Mama mkwe alifungua mlango wake mara mbili akaniangalia. Hakusema kitu, kwa kuwa hatuzungumzi. Baadaye nimejikwaa kwenye ile ndoo ya mchanga. Badala ya kuwa jikoni ilikuwa koridoni, karibu na wavu. Sijui nani kaihamisha. Kidole gumba cha mguu kimevimba, na katika nyumba hii hakuna anayejali vitu vikae mahali pake.

Jumamosi, 8 Machi

Vidole bado vina masizi. Mwandiko utakuwa mbaya.

Saa tisa mchana, mechi. Mke wangu alikuwa kwa mshonaji, kufuata aproni za kituo. Nilijifungia ofisini. Televisheni, feni, friji, na nikawasha birika nipate chai. Mechi ilipofika dakika ya thelathini hivi nikasikia harufu. Nikadhani jirani anachoma taka, nikafunga dirisha. Harufu ikazidi. Nikamlaani jirani.

Kisha nikauona moshi. Haukutoka kwenye waya. Ulitoka juu, kwenye tundu la hewa baridi, mwembamba, taratibu. Nikafungua mlango. Ulikuwa koridoni. Ulikuwa jikoni. Ulikuwa sebuleni, unashuka kutoka darini juu ya magodoro kumi na moja. Kila tundu lilikuwa linatoa fungu lake, kama Bibi Tochi alivyosema.

Niliogopa. Sitafuti neno lingine. Nilisimama katikati ya sebule nikiwa na birika mkononi, nimelichomoa na kutoka nalo, sijui la nini. Sikujua pa kukimbilia kwa sababu moshi ulikuwa kila mahali na moto sikuuona popote.

Halafu umeme wote ukazimika. Mashine ikanyamaza. Moshi ukaacha kushuka. Koridoni nilimkuta mama mkwe mbele ya boksi la swichi, taulo puani, mkono mwingine bado uko kwenye swichi kuu. Ndoo ya mchanga alishaisogeza kwa mguu hadi chini ya wavu. Alininyooshea kidole, kwanza wavu, kisha ndoo. Nikang'oa wavu, nikauvuta waya. Pale penye plasta palikuwa peusi na laini, panatoa moshi, na vumbi la humo ndani lilikuwa limeanza kushika moto mwekundu pembezoni. Nikaufukia waya mchangani. Mama mkwe akamwaga mchanga uliobaki ndani ya uwazi kwa bakuli, bila haraka, hadi ule wekundu ukafa.

Mke wangu alirudi akakuta madirisha yote wazi. Aliuona waya kwenye ndoo, ukiwa bado na kamba ya kuanikia nguo. Akakaa kwenye godoro la rangi ya chungwa, lile la mtoto mdogo kuliko wote, akalia. Akasema, "Baba Pacha, kama wangekuwa wamelala hapa." Hakumaliza. Baadaye nikamwambia nimekoma. Nilimaanisha kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji alifika saa mbili. Hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka.

Aliusafisha uwazi wote, akatoa mchanga, masizi, mavumbi na soksi yangu moja iliyopotea mwaka jana. Akaacha njia ya hewa tupu. Kisha akalaza bomba la chuma nje ya ukuta, chini ya paa, akapitisha waya mpya ndani yake, akaniwekea soketi ofisini. Moja. Nikamwambia nina vifaa vinne. Akasema mtu mmoja, soketi moja, na nikiigawia vifaa viwili itajizima yenyewe. Nilikuwa na jibu, lakini siku yenyewe haikuniruhusu.

Ofisi imepewa swichi yake peke yake kwenye boksi la koridoni, hatua mbili kutoka mlango wa mama mkwe. Mama mkwe alimwomba shemeji amwonyeshe ni ipi. Akaijaribu mwenyewe mara mbili, tak, tak. Ni mdadisi, kwa umri wake.

Kisha akazungumza nami, mara ya kwanza tangu ile chai. Akasema ule uwazi haupitishi hewa tu, unapitisha na maneno. Miaka miwili sasa anasikia kila ninachosema ofisini. Simu zangu. Mechi zangu. Hata ninavyojisomea kwa sauti nikiandika humu. Habari ya kamba aliisikia yote, ndiyo maana akaihamisha ndoo. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia bintiye. Akasema Alhamisi alimwona bintiye amenishika mkono, akaona anipe siku mbili niseme ukweli mwenyewe.

Sikujua niangalie wapi. Nikakumbuka baadhi ya mambo niliyowahi kuyasema mle ofisini kumhusu yeye. Nikaenda kumchemshia chai. Kuanzia leo naandika kimya.

Jumatatu, 10 Machi

Bibi Tochi alifika saa tatu kamili. Akachuchumaa, akamulika. Akaendelea kumulika. Mke wangu alikuwa ameshika kona ya pazia, ameikunja yote mkononi. Bibi Tochi akazunguka nje, akalitazama bomba, akaligonga kwa ukucha. Akasema ni muda hajaona kazi iliyolazwa vizuri hivi, nani kaifanya. Nikasema asante, ni kujituma tu. Shemeji, aliyekuwa nyuma yangu, alipatwa na kikohozi.

Cheti kimesainiwa. Mke wangu alimkumbatia Bibi Tochi, jambo ambalo halikuwemo kwenye fomu. Akamkumbatia shemeji. Akamkumbatia mama yake kwa muda mrefu. Mimi nilisimama foleni. Nilifikiwa mwishoni, na nilikumbatiwa vizuri, sina malalamiko.

Jumatatu, 17 Machi

Kituo kimefunguliwa. Watoto kumi na mmoja. Asubuhi walilia kumi, wa godoro la chungwa akawa anawatazama tu. Sasa ni saa nane mchana, wamelala wote. Mke wangu amekaa katikati yao anakunja vinguo, na sijamwona na uso ule tangu tuoane. Nimefurahi kwa ajili yake, kweli kabisa.

Lakini mimi nimeingia ofisini na nina soketi moja. Nikichomeka televisheni, friji inalala. Nikichomeka friji, nakaa natazama ukuta. Feni na birika hata sivitaji. Wiki nzima nimekuwa nikichomoa na kuchomeka utadhani nimeajiriwa kwa kazi hiyo. Nani anaweza kuishi hivi?

Ili nitulie nikachukua cheti cha Bibi Tochi nikakisoma. Karatasi moja, mihuri miwili. Chini kabisa kuna sharti: waya wowote usipite katika njia ya hewa inayorudi.

Inayorudi.

Nikasoma tena. Nikatazama juu. Pale juu ya kichwa changu kuna tundu la hewa baridi, ile hewa inayotoka kwenye mashine, inayokwenda vyumbani. Bomba lake linapita moja kwa moja hadi sebuleni, na chini ya tundu la sebuleni, karibu na rafu ya vikombe, kuna soketi mbili ambazo hazifanyi kazi yoyote. Cheti hakikutaja hewa inayokwenda. Nimetafuta mbele na nyuma. Inayokwenda haimo. Nimelitamka neno hilo mara tatu, nisikie lilivyokaa, na limekaa vizuri. Ni mita nne za ekstensheni, labda na nusu. Dakika ishirini.

Nimesikia mlango wa mama mkwe ukifunguliwa. Ndara. Hatua mbili. Tak.

Televisheni imezimika. Nimechungulia koridoni, taa inawaka. Sebuleni kiyoyozi kinavuma na watoto wanapumua taratibu. Mama mkwe ameshika ukuta, ananitazama. Amesema, "Sawa, baba."

Ni ofisini tu ambako hakuna umeme. Yaani kazi ya shemeji, fundi mwenye leseni, imedumu siku nane. Yangu ilidumu miaka miwili.